Sura ya 6: Nguo za Kipupwe na Sindano Mkononi

Mvua za masika zikishakatika, kusi hubaki na bahari peke yake. Kuanzia Juni hadi Agosti pwani yote, tangu Lamu mpaka Mtwara, hupata nafuu. Jua lipo lakini halichomi, usiku watu huvuta shuka, na Dar es Salaam kipimajoto hushuka alfajiri hadi nyuzi 19 au 20. Bara hali ni nyingine kabisa. Nairobi ya Julai huamka na wingu zito na nyuzi 11 au 12, na anga linaweza kubaki la kijivu siku nyingi mfululizo. Njombe na Makete ni zaidi. Juu ya uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, umande huganda kwenye nyasi, na mkulima wa viazi hulala na wasiwasi.

Watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wana msimu wao wa kupoa, Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, na kila mwaka majarida yao huwaeleza cha kuvaa. Kwetu ushauri wa mavazi huandikwa kana kwamba mwaka mzima ni joto na harusi. Mimi sikubaliani na hilo. Tuna majira yetu ya baridi, tuna nguo zake, na nyingi kati ya nguo hizo tumezipata safarini au zimetoka kwenye mikono ya watu tunaoweza kwenda kuwaona wakifanya kazi. Ndiyo maana katika sura hii nimeyaweka pamoja mambo matatu ambayo kwa kawaida hutenganishwa: vazi la kipupwe, kumbukumbu ya safari, na hobi mpya. Kitu ulichokinunua mbali na nyumbani, ukikivaa asubuhi ya baridi mara kwa mara, mwisho utataka kujua kilishonwaje. Ukijua kilivyoshonwa, mkono utawasha kujaribu. Nimewaona watu wengi wakiipita njia hiyo, na kila mara wamefika mahali pazuri.

Tuanze na kabati. Pwani, msingi wa vazi la kipupwe ni kitambaa cha pamba chenye kazi nyingi, na cha kwanza kwangu ni kikoi. Kikoi kilichofumwa vizuri kina uzito wa kutosha kuzuia upepo wa asubuhi kwenye kivuko cha Kigamboni au Likoni, na saa sita mchana kinakunjwa kikaingia mkobani. Wanaume wamekifunga kiunoni tangu zamani. Siku hizi vijana, wa kike kwa wa kiume, hukitupia mabegani, na kinawapendeza. Unaponunua, geuza upande wa nyuma. Mistari iliyofumwa ina rangi ileile pande zote mbili. Iliyochapishwa nyuma hufifia. Kisha angalia matamvua. Yaliyosokotwa kwa mkono yamekazwa na kufungwa fundo moja moja, nayo hayafumuki ukikifua.

Mwanamume anayevaa kanzu ana koti. Koti juu ya kanzu ni vazi la heshima tangu enzi za babu zetu, na Julai ndio mwezi wake. Chagua rangi iliyotulia, kijivu au bluu nzito, na mabega yakae sawasawa, kwa sababu kanzu ni nguo iliyonyooka mno na haifichi kosa la koti. Mwanamke anayetoka alfajiri kwenda kazini apate mtandio mzito wa pamba na sweta fupi la kufunga vifungo, la kuvua joto likipanda. Zaidi ya hapo pwani haihitaji kitu.

Nyanda za juu zinahitaji. Huko kanuni ni kuvaa tabaka juu ya tabaka, na tabaka la nje lizuie upepo. Koti la kitenge ni zuri, lakini kitenge peke yake hakizuii chochote, kwa hiyo mwambie fundi aweke bitana ya flaneli, na aache nafasi kwapani ili sweta lipite. Mafundi wengi hupima mteja akiwa na shati jepesi. Nenda umevaa sweta lako, apime juu yake. Shuka ya Kimaasai nayo isidharauliwe kwa sababu tu imejaa katika maduka ya watalii. Nyingi siku hizi zimefumwa kwa akriliki badala ya pamba, lakini zinatia joto na hukauka upesi, na mtu aliyewahi kungoja basi Makambako saa kumi na moja alfajiri anajua thamani ya kitambaa kikubwa cha kujifunika kuanzia kichwani. Kichwani ongeza mzula, miguuni soksi nene, basi.

Kuhusu sweta niseme wazi: kwa sufu halisi, nenda mitumbani. Gikomba ya Nairobi, Karume ya Dar es Salaam au Memorial ya Moshi utakuta sweta ambazo mtu wa Scotland au Norway alizivaa misimu miwili kisha akazitoa kabatini. Wajuzi wa Gikomba hufika mapema, belo linapokatwa, ili wachague kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, kabla ya wengine. Ukifika saa nne unapata masalia, na masalia nayo yana mema yake ukiwa na jicho. Soma lebo ya ndani. Ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nenda nao pembeni, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hubaki jivu linalosagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi. Uzi mmoja hauharibu sweta, na unakuokoa usilipe bei ya sufu kwa plastiki.

Najua mjadala uliopo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vyetu. Rwanda ilishikilia uamuzi huo, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya kuingia soko lake bila ushuru. Wanaotetea viwanda wana hoja ya kweli, na jibu langu si kuwapuuza. Karibu kila mji wa baridi, kuanzia Nakuru hadi Mbeya, una mama mwenye mashine ya kufuma sweta za shule. Kazi humjaa kabla shule hazijafunguliwa Januari, kisha hupungua. Mwendee katikati ya mwaka na rangi zako mbili, umwombe sweta la mtu mzima. Utapata kitu ambacho hakuna mwingine mtaani anacho, na fedha imebaki mtaani.

Sweta likishapatikana litunzwe. Sufu hufuliwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, haikamuliwi kwa kusokota bali hukandamizwa ndani ya taulo, na hulazwa juu ya mkeka kivulini. Ukiining'iniza kwenye kamba ikiwa na maji, mikono hurefuka na hairudi. Ukiona tundu dogo la nondo kwenye kiwiko, lizibe siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nguo iliyofumwa ufa hukimbia.

Sasa mizigo ya safari. Mtu akisafiri hurudi na kitu, na vitu vingi tunavyorudi navyo havina kazi: kikombe chenye picha ya jengo, kinyago kilichochongwa haraka, fulana iliyoandikwa jina la mji. Hukaa juu ya runinga mwaka mmoja, kisha huenda stoo. Ushauri wangu ni kununua kitu kitakachotumika, na katika vitu vyote vinavyouzwa ukanda huu sijaona kinachoishinda kanga. Haivunjiki, haina uzito wa kukutia hofu kwenye mizani ya uwanja wa ndege, na kila siku ya baridi utapata sababu ya kuitoa.

Kanga pia ni kitambaa kilichobeba safari tangu kuzaliwa kwake. Katika karne ya 19 nguo ya watu wa kawaida Zanzibar ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Massachusetts. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837 kwa ajili ya biashara hiyo na nyingine. Waliotiwa utumwani walivaa merikani hiyo ya bei rahisi, au kaniki, iliyotiwa rangi nzito ya nili. Kisha wanawake wa mjini wakaanza kuunganisha leso za rangi, vipande sita vikawa nguo moja, na wafanyabiashara walipoona wakaagiza nguo nzima iliyochapishwa kwa mtindo huo. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga. Sijui vazi jingine la ukanda huu lililobeba uzito huo. Mwanamke aliyejifunga doti mpya akapita barabarani Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, alikuwa anawaambia wote waliomjua jana kwamba leo ni mtu huru.

Mombasa nayo ina sehemu yake kubwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ndilo lenye alama ya "Mali ya Abdulla" ambayo mabibi zetu waliitafuta ukingoni kabla ya kulipa. Majina ya kanga, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Uchapaji umezunguka dunia, India, Uingereza, Japani, kisha ukaja nyumbani katika viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kwa hiyo kanga kuukuu ni hati. Iangalie kwa makini: herufi zake, alama ya kiwanda, picha iliyo katika mji, yaani sehemu ya katikati. Kuna zilizotolewa kwa uhuru, kwa chaguzi, kwa msiba wa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, kwa ushindi wa Obama mwaka 2008. Familia iliyotunza kanga za bibi imetunza tarehe ambazo hazikuandikwa mahali pengine.

Kwa hiyo inunue kwa uangalifu. Itandaze yote, usiikubali ikiwa imekunjwa. Pindo liwe na upana uleule pande mbili zinazotazamana, na jina likae katikati, lisielekee upande mmoja. Doti huuzwa vipande viwili vimeshikana. Hakikisha mstari wa kukatia umenyooka, la sivyo kipande kimoja kitapungua. Kisha soma jina, na hapa usiwe na haraka. Jina la kanga huzungumza kwa niaba yako miaka mingi baada ya wewe kuondoka. Mkwe akiletewa kanga yenye kijembe, hataamini kwamba ulipenda tu rangi. Mama mzazi, mpelekee dua au shukrani. Rafiki aliyefiwa, subira. Mkimpa bibi harusi kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakuna atakayeuliza mlikusudia nini. Na wapo marafiki wanaogawana doti, kila mmoja kipande chake, kila mmoja mji wake. Hiyo naiona ndiyo zawadi bora ya safari kuliko zote, kwa sababu anayebaki na anayeondoka wamejifunga nguo moja.

Vingine nitavipitia kwa ufupi. Vikapu vya milulu vya Iringa na viondo vya Ukambani ni vitu vya kazi, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019, vimerudi sokoni vikiwa na hadhi yao. Kiondo cha katani kina historia ya uchungu: miaka ya 1980 kilipendwa Ulaya na Marekani, viwanda vya ng'ambo vikaiga kwa mashine, wasukaji wakabaki na bei ndogo. Kipapase ndani. Uzi uliosokotwa kwa mkono haulingani unene wote, na kokwa hizo ndogo ndogo ni sahihi ya mwenyewe. Ukitaka picha, ya Tingatinga halali imechorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya mbao laini za dari. Alifariki mwaka 1972, na waliojifunza kwake wameiendeleza mpaka leo. Kinyago cha mpingo nunua kwa mchongaji mwenyewe, na kikwaruze kidogo chini. Mpingo ni mweusi mpaka ndani. Mti wa kawaida uliopakwa kiwi utaonyesha weupe wake.

Vipo vya kuacha kabisa. Gamba la kasa, meno ya tembo na matumbawe visiingie mkobani mwako hata ukiambiwa ni vya zamani. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, mwaka uleule ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi mbele ya dunia. Makombe makubwa ya pwani nayo yaache baharini. Yanapouzwa yakiwa yanang'aa hivyo, mnyama wake ametolewa akiwa hai.

Kitu ukikileta nyumbani, kiandike. Vitambaa visivyo na maelezo hupoteza safari yao katika kizazi kimoja. Watoto hufungua sanduku la marehemu wakakuta doti ishirini na hakuna anayejua ipi ilitoka Pemba na ipi alinunuliwa siku ya ndoa. Karatasi hupotea. Njia inayodumu ni uzi: kwenye kona ya ndani, juu ya pindo, shona mwaka na herufi mbili za mahali. Mshono mdogo, rangi inayokaribiana na kitambaa. Hapo bila kutangaza umeshaianza hobi.

Hobi ya mkono hufaa wakati huu wa mwaka kwa sababu za wazi. Giza huingia mapema kidogo, watu wako ndani, na mkono hautoki jasho. Hilo la jasho si dogo: uzi mweupe ulioshikwa na kiganja chenye maji mwezi wa Februari huwa wa kijivu kabla kazi haijafika nusu. Ukitaka kujifunza ushonaji wa aina yoyote, anza Juni.

Na uanze na kupinda kanga. Doti lako jipya lina pande nne za kushonwa baada ya kukatwa, na fundi wa cherehani atalimaliza kwa dakika chache, lakini usimpelekee. Kunja ukingo mara mbili, upana wa nusu kidole, uubane kwa pini, kisha shona kwa mshono wa mbele mfupi unaolingana. Upande wa kwanza utakwenda upogo. Wa nne utashangaa ulivyonyooka. Hakuna zoezi bora la kuzoesha mkono mwendo mmoja, na mwisho wake una nguo ya kuvaa.

Baada ya hapo wengi huenda kwenye kufuma kwa sindano ya ndoano, ile waliyoitumia mama zetu kufumia vitambaa vya makochi. Nyuzi za akriliki zipo Kariakoo za kila rangi na ni rahisi. Anza nazo, sufu ije baadaye. Fuma skafu. Skafu haina mkono wala shingo ya kupima, unakwenda na kurudi mpaka ikutoshe. Kosa la wote wanaoanza ni kukaza uzi, na dalili yake ni skafu inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyorefuka. Legeza kidole cha shahada na hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari. Ukikosea, fumua. Uzi haupotei, na kufumua ni sehemu ya kazi yenyewe.

Wengine watapenda ukili. Wanawake wa Pemba na Tumbatu husuka ukanda mrefu wa majani makavu, mengine yamechemshwa na rangi, kisha huushona ukingo kwa ukingo ukawa mkeka. Ukanda mwembamba unaweza kujifunza alasiri moja ukikaa karibu na anayejua. Kuunganisha mkeka ni jambo jingine, linataka subira ya miaka.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo nataka watu wengi zaidi waishike, ni kofia ya mkono. Wengi wetu tumekua tukiiona kila Ijumaa na kila Idi bila kuitazama. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja tabaka mbili za pamba nyeupe. Nakshi huchorwa kwanza. Kisha mshonaji hutoboa kitundu kidogo kwa ncha, na kukizungushia uzi, mshono ukigusana na mshono, mpaka kitundu kipate ukingo mgumu. Halafu kinachofuata, na kinachofuata. Vitundu hivyo vina kazi mbili: hupitisha hewa kichwani, na kingo zao ndizo zinazoipa kofia nguvu ya kusimama. Katikati ya vitundu hupita mistari ya maua na nyota. Mwisho vipande viwili huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga, na hukaushwa juu ya umbo la mviringo ili ikae.

Nilimkuta bibi mmoja barazani kwake, Mji Mkongwe, akiwa na ukanda wa kofia ya viua mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nikamwuliza kazi ile inachukua muda gani. Akasema aliuanza ukanda huo kabla ya Ramadhani, na hajaumaliza, kwa maana ana wajukuu na ana jiko. "Nashona nikipata nafasi," akasema. "Sindano haina ugomvi, ukiiacha inakungoja." Kisha akanishikisha kitambaa na kunionyesha kwamba uzi huvutwa kuelekea juu, si pembeni, kwa sababu ukiuvuta pembeni kitundu hupinda na kikishapinda hakinyooki. Niliyasoma maelezo ya mshono huo mahali kadhaa kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyeandika habari ya kuvuta juu.

Kwa mwendo kama wake, kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Ndiyo sababu za mashine zimejaa madukani, na mtu asiyejua huziona sawa. Iinue kofia kwenye mwanga. Katika ya mkono nuru hupenya vitunduni, tundu kwa tundu. Igeuze ndani. Mashine huacha uzi wa chini uliolala bapa na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, wakati mkono mzuri ndani ni safi karibu sawa na nje. Wauzaji waaminifu watakuachia uigeuze bila kununa.

Kofia hii pia imesafiri. Baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Muscat mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, maelfu walihama kutoka Zanzibar wakiwa na Kiswahili chao, mapishi yao na kofia zao. Leo kofia yenye vitundu vilivyoshonwa ni sehemu ya vazi la kitaifa la mwanamume Oman, na wapo wanawake huko wanaoishona majumbani kwa rangi ambazo Unguja huzioni: zambarau, kijani, dhahabu. Mtu wa pwani akishuka uwanja wa ndege wa Muscat huitambua kazi hiyo kabla hajasikia neno. Ukienda kumtembelea ndugu, ndiyo zawadi ya kurudi nayo, na ndiyo zawadi ya kupeleka: nyeupe ya kwetu iende, ya rangi ya kwao ije.

Je, mtu aanzie wapi? Asianze na kofia nzima. Apate kipande cha pamba nyeupe iliyofumwa karibu karibu, akikunje tabaka mbili, achore ua moja lenye vitundu vinane, ashone hilo tu. Uzi uwe wa pamba, usiong'aa kupita kiasi, sindano nyembamba yenye ncha kali. Vitundu vya kwanza vitakuwa vikubwa kwa vidogo. Arudie ua lilelile mpaka viwe sawa, na ndipo achore ukanda. Wanaume wasijione wageni katika kazi hii, kwani visiwani na Lamu wapo wanaume walioishi kwayo.

Mwalimu ndiye mgumu kumpata bara, na kwa hilo Sabasaba inasaidia sana. Maonyesho hayo ya Dar es Salaam huanza mwisho wa Juni hadi karibu katikati ya Julai, ndani ya kipupwe chenyewe, kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, na huleta wasukaji na washonaji kutoka mikoani na visiwani. Watu wengi hupita mabanda yao wakiuliza bei tu. Vaa sweta lako, nenda asubuhi ya siku ya kazi kabla umati haujaingia, nunua kitu kwanza, kisha toa mkobani lile ua lako la vitundu vinane. Mshonaji akiliona atalichukua, ataligeuza, na atakuonyesha kwa sindano yake mwenyewe ni wapi uzi ulivutwa pembeni.